Kimya cha Mzee Brindle

Horace Brindle alikufa mara nyingi kuliko mtu yeyote katika mkoa mzima wa Lancashire, na bado alikuwa akinywa chai. Watu wa sinema ndio waliokuwa wakimuua. Walimzamisha mtoni, walimkanyagisha farasi, walimlipua akiwa anafungua gazeti, na katika filamu moja iliyopigwa ndani ya banda lenye baridi huko kusini walimwacha afe kwa njaa kisiwani, huku nyuma ya kamera mafundi wa taa wakila pai za nyama. Mama yake, mjane wa fundi viatu wa Accrington, alizoea mpaka akawa anakwenda sinema na nguo nyeusi mwilini kabisa, asipate taabu ya kurudi nyumbani kubadili. Kila filamu walimpa mwanawe sentensi moja ya kusema kabla ya kukata roho, na kila filamu ilipotoka, sentensi ile ilikuwa imekatwa. Watu walimwona Horace akifumbua mdomo, kisha farasi huyo.

Jukwaani mambo yalikuwa mengine, maana jukwaani hakuna mkasi. Tangu ujana wake, alipotoroka kiwanda cha pamba akafuata kundi la waigizaji lililokuwa likipita, Horace aliishi kwa maneno kama bata anavyoishi kwa maji. Alikaa London, akacheza kwenye majumba yenye viti vya mahameli, akakaribia kuwa nyota. Mwigizaji mkuu aliugua, Horace akaingia mahali pake, watu wakasimama kumpigia makofi. Habari zilipomfikia mgonjwa kitandani akapona kabla chai haijapoa. Daktari wake alikiri kuwa hajapata kuona husuda inayotibu namna ile. Baada ya hapo ikawa mikoani, kwenye makundi yanayotoa mchezo mpya kila Jumatatu: jioni unacheza huu, asubuhi unakariri ule, na wa wiki iliyopita unaufukuza kichwani kama kuku aliyeingia sebuleni. Kazi hiyo imewatia wengi wazimu. Horace ilimnenepesha. Husemwa kwamba safari moja alipewa kitabu kisicho chake, akakikariri chote kwenye treni kati ya Preston na Marsby, akapanda jukwaani akaanza. Wenzake, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika, waliona haya kumsahihisha. Wakamfuata hivyo hivyo mpaka mwisho, na watazamaji wakarudi makwao wameridhika.

Kwa hiyo alipoanza kupoteza maneno hakuna aliyeshuku, naye hakumwambia mtu.

Yalianza kuondoka madogo madogo. Neno kijiko. Neno ngazi. Siku moja, wakijiandaa kutoka, alimwambia mkewe, Muriel, ampe "ile ya shingoni". Muriel akampa skafu, lakini alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Horace alikuwa amepita sabini na alijua kinachofuata. Mwigizaji aliyepotewa na maneno ni kama seremala aliyekatwa mikono: watampa pole, halafu watamwonyesha mlango. Kazi nyingine hakuijua, hata ya kuchemsha yai. Alichokiomba, na alikiomba kwa Mungu ambaye hakuwa na mazoea naye, ni kwamba maneno ya nyumbani yaende zake yote yakitaka, mradi ya jukwaani yabaki.

Majira yale ya baridi kundi lilikuwa Marsby, mji wa pwani ambao upepo wake una mikono. Shakwe wa Marsby huvuka barabara kwa miguu, wakiangalia kulia na kushoto, kwa kuogopa kupeperushwa mpaka Ireland. Meneja wa kundi, Bwana Gorringe, mtu mnene aliyemwita kila mtu mpenzi, na zaidi anapokaribia kumng'ata, alikuwa amepata mchezo mpya ulioandikwa na mwalimu wa shule wa hapo hapo mjini. Baba mmoja mkali amemfukuza mwanawe wa pekee na kuapa kwamba hatasema naye tena maisha yake yote. Mchezo mzima mkewe anamsihi, majirani wanamsihi, padri anamsihi, naye ni jiwe. Mwishoni, katikati ya tufani, mlango unafunguliwa, na mwana amesimama kizingitini analowa. Baba anainuka. Anamtazama. Kisha anasema sentensi moja tu, na pazia linashuka. Mchezo wote umening'inia kwenye sentensi hiyo kama koti kwenye msumari.

Horace ndiye aliyepewa baba.

Sasa, watu wa jukwaa wa kule wana miiko yao, na anayeicheka humrudia mwenyewe. Hupigi mluzi chumba cha kuvalia. Huweki maua mabichi jukwaani. Na sentensi ya mwisho kabisa ya mchezo haitamkwi mazoezini kamwe; hutamkwa mara ya kwanza siku watu wamekaa vitini. Ukiisema kabla, umeumaliza mchezo haujaanza, nao utakufa mikononi mwako. Mazoezini mwenye sentensi hiyo akifika pale hupiga kofi, husema "na kadhalika, na kadhalika", na pazia linashushwa.

Miiko hii Horace aliilinda kuliko askofu anavyoilinda madhabahu. Aliwahi kumtoa kijana mmoja nje kwenye mvua kwa kosa la mluzi, akamzungushazungusha mlangoni mpaka kizunguzungu kikamwondolea nuksi. Basi Bi Tansley alipokuja kumwomba, alikuwa amejiponza. Huyu Bi Tansley alikuwa mwanamke mwembamba, zamani mwalimu wa piano, na kazi yake ilikuwa kukaa pembeni mwa jukwaa na kitabu cha mchezo, awanong'oneze waliosahau, na kumwashia taa nyekundu Seth, mtu wa pazia, ajue wakati wa kulishusha na wa kulipandisha. Alisema kwa upole kwamba angependa kuisikia sentensi ya mwisho japo mara moja tu, ajue mwendo wake, taa isije ikawahi au ikachelewa.

"Bibie," Horace akamwambia mbele ya wote, "nimehudhuria mazishi ya michezo iliyouawa na midomo ya watu kama wewe."

Waigizaji wakacheka. Bi Tansley akawa mwekundu mpaka kwenye masikio, akarudi kitini kwake. Hata nyumbani, Muriel alipokuwa akimsikiliza asubuhi na kitabu magotini, walipofika pale Horace alipiga kofi.

"Na hiyo ya mwisho?" Muriel aliuliza.

"Haisemwi."

"Hata jikoni?"

"Hasa jikoni," alisema Horace, akanywa chai yake.

Aliisoma kwa macho, akatosheka. Zamani macho yalitosha. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba siku hizi kichwani mwake kilikuwa kikibaki kile tu ambacho ulimi umekitafuna.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa, kwa sababu mwandishi alikuwa amefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu nyingine. Horace alicheza vizuri. Maneno yalikuja yenyewe, yamepanga foleni, na yeye ndani yake alicheka kwa furaha kama mtu aliyefikisha ng'ombe wote zizini. Tufani ikaanza. Nyuma ya jukwaa walikuwa na pipa lililovikwa turubai, ukilizungusha linavuma kama upepo halisi, na liliwekwa karibu na kiti cha Bi Tansley. Mlango ukafunguka. Rodney Speight, aliyecheza mwana, akasimama kizingitini na nywele zinazotiririka maji ya ndoo. Horace akainuka, akamgeukia, akafumbua mdomo.

Hakukuwa na kitu.

Hakuhisi amesahau. Aliyesahau huhisi pengo. Yeye alihisi kwamba pale hapajawahi kuwa na neno lolote, tangu dunia iumbwe. Alimtazama Rodney. Rodney akamtazama yeye, kwanza kama mwana, halafu kama Rodney. Pembeni Bi Tansley alinong'ona, akanong'ona tena, akasema kwa sauti kabisa, lakini pipa lilikuwa likivuma na fundi wake alikuwa na amri ya kutoacha mpaka pazia lishuke. Na Seth, mikono kwenye kamba, alikuwa akingoja taa. Bi Tansley naye alikuwa akingoja sentensi. Kila mtu alimngoja Horace, na Horace alingoja Mungu.

Machozi yakamtoka, ya hofu, si ya mchezo. Akainua mkono mmoja kumwelekea Rodney, kama mtu anayezama, maana alitaka kijana amwambie, amtoe pale, ampe neno lolote. Rodney, kwa kukosa la kufanya, akaanguka magotini. Ndipo Bi Tansley akakata tamaa, akawasha taa.

Gorringe alikuja mbio nyuma ya jukwaa na uso wa mtu anayekwenda kuchinja. Alikuwa amekwisha fungua kinywa. Lakini nje kukawa kimya, kimya kweli, halafu ukumbi ukalipuka. Wanaume wa Marsby, watu wanaozika mama zao bila kufuta pua, walikuwa wamesimama juu ya viti wakilia. Wengine walitoka usiku ule ule kwenda kugonga milango ya ndugu waliogombana nao. Mmoja alipatana na kaka yake ambaye alikuwa amekwisha kufa, lakini nia ilikuwa nzuri. Gorringe alisimama, akasikiliza, na uso wake ukabadilika kama anga. Akamshika Horace mashavu yote mawili.

"Mpenzi wangu," akasema, "usibadilishe hata unywele."

Asubuhi gazeti la mji liliandika juu ya kimya cha mzee Brindle, kwamba ndani yake kulikuwa na usamehevu ambao lugha haijaufikia. Muriel alikuwa akikaanga samaki wa moshi. Madirisha yalitetemeka kwa upepo.

"Ulisahau," alisema bila kugeuka.

"Watu walilia."

"Nilikuwepo, Horace. Nimekuuliza jingine."

"Hukuuliza. Umesema."

"Basi nimesema."

Horace alikunja gazeti likawa dogo, akalikunja tena. Mwishowe akamweleza yote: vijiko, ngazi, skafu, na jinsi alivyosimama pale akiangalia mahali penye neno na neno hakuna. Muriel alizima jiko. Naye alikuwa mwigizaji zamani, mpaka magoti yalipomwacha, na hakuwa mtu wa kumdanganya mtu wa kazi moja. Hakusema litapita. Alikausha mikono, akachukua kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma.

"Funga mlango, mwanangu. Mama yako anaona baridi."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Horace akasikitika. Ilikuwa sentensi ndogo kiasi kwamba ungeweza kuikalia bila kujua. Lakini kadiri alivyoirudia ndivyo alivyoiona. Mtu aliyeapa kutosema na mwanawe anamwita mwanangu kwa njia ya mlango, kwa kusingizia baridi, kwa sababu njia nyingine haiwezi. Baba yake Horace, fundi viatu, alikuwa wa namna hiyo; hakuwahi kumwambia mtu neno tamu ila lilipitia kwenye kiatu. Horace aliitaka sentensi ile sasa kama hajawahi kutaka sentensi. Na kwa kuwa siku ya kwanza ilikuwa imepita, mwiko ulikuwa umekwisha. Angeweza kuisema popote. Akaisema jikoni. Akaisema akinyoa ndevu. Akaisema kwenye barabara ya ufukweni, skafu mdomoni, na upepo ukaipokea ukaipeleka mpaka mji wa Blackpool. Neno birika lilimtoka wiki ile, na jina la mwenye nyumba wao, na njia ya kwenda posta. Sentensi ilibaki. Ilikuwa imeshika kama kupe.

Akaenda kwa Gorringe kumwambia kwamba jioni ataisema kama ilivyoandikwa. Gorringe alikuwa akila chipsi ndani ya gazeti lenye sifa za Horace, siki imeilowesha picha yake. Alimwuliza kwa upole kama ana homa. Watu walikuwa wakija kwa treni sasa, alisema, wanataka kile kimya, wameshakisikia kwa jirani.

"Mtu atoke Manchester," alisema, "ashuke kwenye upepo huu, aje aambiwe habari za baridi? Baridi si anayo kwake?"

Horace alisema mwandishi ameandika sentensi. Gorringe akajibu kwamba mwandishi ameshaulizwa, na sasa anadai kimya kile alikiandika yeye. Na ili pasitokee makosa akampa Bi Tansley amri mpya: taa iwashwe pale tu mzee anapofumbua mdomo. Pale ndipo wanawake wanapoanza kulia, na pazia likishuka hapo hapo hakuna atakayewahi kupoa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jioni baada ya jioni, wiki baada ya wiki, maana kwa wingi wa watu mchezo haukubadilishwa tena kila Jumatatu. Horace aliinuka, alimgeukia mwana, sentensi iko tayari nyuma ya meno, akafumbua mdomo, na pazia likaja.

Mtu wa sinema naye akaja. Aliitwa Leverett, amevaa koti refu la manyoya ya ngamia, na aliketi kwenye chumba cha kuvalia akimtazama Horace kama mtu anayepima kitambaa. Alikuwa na filamu. Mzee mmoja amepooza mwili na ulimi, amelala kitandani, familia inagombana kumzunguka. Kamera iko usoni pake tangu mwanzo mpaka mwisho. Hajapata kuona uso kama wa Horace, alisema; alishangaa wenzake walikuwa wakiutumia kwa ajili ya kuukanyagisha farasi.

"Hafi?" Horace akauliza.

"Hafi, mzee. Wewe ndiwe filamu."

"Na hasemi hata neno moja?"

"Neno litaharibu."

Horace alimshukuru, akaomba apewe muda. Muriel alimwambia akubali, na alipouliza kwa nini, Muriel alianza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa. Akakubali. Alielewa vizuri kabisa kwamba hiyo ndiyo kazi aliyobakiza duniani, kazi ya mtu bubu, na kwamba kwa mwendo wa mambo kichwani mwake, mpaka watakapoanza kupiga picha huenda asihitaji kuigiza.

Hapo sentensi ile ikawa kitu kingine. Alitaka mara moja, mbele ya watu, kusema neno na lisikatwe. Si zaidi ya hapo.

Kisha ikaja jioni ya Alhamisi. Sehemu ya pili ya mchezo, mke anampigia magoti mumewe amsamehe mtoto. Sebule ya mchezo huu ilikuwa sebule ile ile ya mchezo wa wiki kadhaa nyuma, kiti kile kile, mapazia ya dirisha yale yale ya maua, maana kundi halikuwa na nyingine. Katika mchezo ule Horace alikuwa mkaguzi wa polisi. Mke alipiga magoti, akashika kitambaa cha mkono, na kitambaa kile kikafungua mlango usio wake kichwani mwa Horace. Akasimama wima. Kwa sauti ya kutisha akamwambia mkewe kwamba anajua ni yeye aliyemtilia padri sumu kwenye chai.

Padri mwenyewe alikuwa jukwaani, mzima wa afya, ameshika kikombe. Akakiweka chini.

Hilda Marchbank, aliyecheza mke, alikuwa amekula chumvi nyingi jukwaani. Alisema mume wangu hajalala tangu mtoto wetu aondoke, akamshika mkono, akamrudisha kitini taratibu, akampa mstari wake masikioni. Watazamaji waliona ni kichaa cha huzuni na wakamhurumia zaidi. Gorringe hakuona hivyo. Alikuwa na kichwa cha meneja, na kichwa hicho kilikuwa kimeshaanza kuhesabu kila neno lililompotea mzee.

Jumamosi, kabla ya mchezo, alikuja akaketi kwenye ukingo wa meza ya rangi za uso. Alimwita mpenzi wangu mara nyingi mpaka Horace akajua kisu kiko njiani. Kuanzia Jumatatu, alisema, nafasi ya baba angeichukua Percy Stubbs kutoka Bolton. Horace apumzike, awe na nguvu za filamu. Watu wote wa kundi wanampenda.

"Stubbs anaujua mchezo?" aliuliza Horace.

"Anajifunza kwenye treni."

"Na kule mwisho?"

"Anajua kunyamaza, mzee wangu. Ni mtu wa Bolton."

Alipoondoka, Horace alijipaka rangi ya uso polepole, kwa mkono uliokuwa ukitafuta njia. Hakulia. Alisema sentensi yake kwenye kioo, na ilikuwapo, nzima. Basi ni leo. Akashuka ngazi za nyuma, akishika ukuta, akamtafuta Bi Tansley. Alimkuta anachonga penseli. Alimwomba msamaha kwa maneno yale ya siku ya mazoezi, na huo ulikuwa msamaha wa kwanza alioomba katika jengo la maigizo tangu vita. Kisha akamwomba jambo. Jioni ile moja, asiwashe taa anapofumbua mdomo. Amwache amalize.

Bi Tansley alimtazama. Hakuwa mjinga, ndiye aliyekuwa na kitabu, na kwenye ukingo wa kitabu kile alikuwa ametia alama kila jioni maneno yaliyompotea mzee.

"Iseme polepole, Bwana Brindle," alisema. "Nitangoja mpaka nukta."

Seth, aliyekuwa akitafuna tumbaku kwenye kamba zake, alisema yeye hana maoni. Taa ikiwaka anashusha, isipowaka hashushi, ikiungua ukumbi anakwenda nyumbani.

Muriel aliketi safu za mbele, kofia ya kahawia, pochi magotini. Mchezo ukaenda. Palipokuwa na mashimo Hilda aliyaziba, na padri alishika kikombe chake kwa uangalifu mkubwa. Horace hakujali sehemu nyingine. Alikuwa akivuka mchezo wote kama mtu anayevuka mto na yai mkononi. Akiwa kitini, na wengine wakisema, aliirudia ndani ya shavu: funga mlango, mwanangu. Ipo. Mama yako anaona baridi. Ipo. Tufani ikaanza, pipa likavuma. Mlango ukafunguliwa, Rodney akasimama na maji yake.

Horace akainuka.

Hakuona, kwa kuwa aliipa mgongo pembe ile, kwamba Gorringe alikuwa amekuja kusimama kando ya kiti cha Bi Tansley. Alikuja kwa mapenzi tu, kuaga usiku wa mwisho wa mzee, na kwa tahadhari kidogo, maana tangu Alhamisi hakumwamini. Leverett alikuwa ukumbini na koti lake la ngamia. Gorringe hakutaka padri apewe sumu tena mbele ya koti lile. Alipomwona Bi Tansley ameondoa kidole kwenye swichi na kukiweka magotini, aliinama, kwa adabu kabisa, akaweka chake kwenye swichi.

Horace akamgeukia mwana. Akavuta pumzi. Akafumbua mdomo.

Pazia la Marsby lilikuwa zito, mahameli ya enzi za malkia wa karne iliyopita, na Seth aliliachia kama linavyotakiwa. Lilikuja chini na vumbi lake. Na nyuma yake, gizani, bila kusimama, Horace Brindle aliisema. Aliisema yote, kwa sauti ile aliyoitengeneza ufukweni, si kubwa, yenye aibu ya baba ndani yake na kisingizio chake cha baridi. Hakuna herufi iliyoanguka. Huenda hajapata kusema kitu vizuri hivyo tangu akanyage jukwaa. Lakini makofi yalikuwa yamekwisha anza upande wa pili, yakija kwenye kitambaa kama mvua ya mawe juu ya bati, na Rodney alikuwa ameshampa kisogo, anakausha nywele kwa taulo na kumwuliza Hilda kama baa itakuwa bado wazi.

Wakaanza kujipanga kwa ajili ya kuinama. Hilda akamshika Horace mkono wa kulia, padri wa kushoto. Seth, akikaza kamba apandishe tena, aliona midomo ya mzee imemalizia kitu.

"Umesema kitu, mzee?" akauliza. "Makofi yamenizidi."

Horace akamgeukia. Alitaka sana kumwambia. Akafumbua mdomo, akangoja, na taa ya Seth ikawaka. Pazia likapanda, na watu wa Marsby wakamwona mzee Brindle amesimama katikati ya wenzake na mdomo wazi, anatafuta, wakainuka vitini wote, isipokuwa mwanamke mmoja wa kofia ya kahawia, wakazidi kupiga makofi.